Tumejenga Upya Kiwanda cha Babu. Sasa Nani Atafua?

Fundi yuko juu ya paa, mguu mmoja kwenye ngazi mwingine kwenye boriti, anapiga kelele nipeni misumari bana jua linazama huku. Chini baba mdogo amekalia boksi la misumari. Amelikalia kabisa, mikono kaikunja kifuani, anasema hakuna msumari wa dukani utakaoingia kwenye kiwanda cha uhunzi cha mzee wake, fungeni kwa kamba. Fundi anauliza kamba ipi, baba mdogo anamwonyesha kwa mdomo lundo la nyuzi za mgomba zilizolowekwa tangu asubuhi. Fundi akacheka, alidhani ni utani.

Shangazi alikuwa anamimina chai. Hakuinua hata kichwa, akasema, "Kwani baba misumari si alikuwa anauza mwenyewe?"

Kazi ikasimama siku hiyo.

Maana ni kweli alikuwa anauza, kila mtu wa umri wa shangazi pale kijijini anajua. Alikuwa anaokota waya nene na vipande vya nondo, anakata, anachonga ncha, anapiga vichwa, anapeleka sokoni kwa mafungu. Kwa hiyo tulikuwa tumesimama pale, watu wazima na akili zetu, tunapiga marufuku misumari kwenye kiwanda cha mtu aliyesomesha watoto kwa misumari. Wiki kadhaa sasa swali la shangazi linanizunguka kichwani, nimeona bora niliandike litoke.

## Kama ilivyokuwa, lini?

Mambo ya magrupu ya wasap ya ukoo mnayajua, sitaelezea. Mmoja anarusha picha ya kibanda kilichoanguka kwenye kibanja cha babu, mwingine anaandika "aibu hii", wa tatu anaanzisha mchango. Azimio likapita: tukijenge upya kama ilivyokuwa, miti ichongwe kwa mkono, vyuma vifuliwe hapohapo, njia za jadi tupu.

Shida ilianza tulipoulizana ilikuwaje.

Baba mdogo anakumbuka mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ile ya kupulizia moto, yeye ndiye alikuwa anaipiga akiwa mtoto na mpaka leo akisimulia anajishika mgongo. Binamu yangu mkubwa hajawahi kuiona hiyo mivukuto, anachokumbuka ni gurudumu la baiskeli linazungusha feni ndani ya debe. Binamu wa mwisho anakumbuka redio tu, ilivyokuwa imetundikwa kwenye nguzo na haiguswi. Na wote wanasema kweli! Mzee alifua chuma karibu maisha yake yote, na kila kilipopatikana kitu cha kumrahisishia kazi alikichukua bila kuitisha kikao.

Picha ya wakati huo hakuna hata moja. Kilichobaki ni fuawe, pande zito la chuma la kufulia juu yake ambalo kila mtu ana stori yake lilitoka wapi, koleo mbili, na kichwa cha nyundo kisicho na mpini.

Halafu kuna chuma chenyewe. Babu hakuwahi kuyeyusha chuma kutoka kwenye mawe, hiyo kazi kwetu ilishakufa kabla hajashika nyundo, majembe ya bei chee kutoka Ulaya yaliimaliza. Yeye alifua springi za gari. Ukitaka kuwa mkali wa jadi kwelikweli basi springi nazo nje, sasa tutafua nini, mawe? Hapo ndipo mtu unaanza kuona kwamba "jadi" tuliyoiandika kwenye grupu ilikuwa ni baba mdogo mwaka aliokuwa na miaka kumi.

## Wazee wa 1976

Nikaanza kusoma. Kwetu Kagera mtu akikwambia uhunzi ni wa zamani huwa hakuongopei. Pale Katuruka, upande wa Maruku, kuna simulizi ya mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliyewakusanya wahunzi wamfulie mnara wa chuma wa kufika mbinguni, mnara ukaanguka. Wazee walikuwa wanapajua hadi mahali chuma hicho kilipofuliwa, chini ya mti wa Kaiija. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt akachimba palepale walipomwonyesha akakuta mabaki ya kiwanda cha uhunzi, na vipimo vikasema ni kama miaka 2,500 iliyopita. Yani mfalme mwenyewe ni wa juzi ukilinganisha na jivu lililokuwa chini yake. Watu walikuwa wameshikilia mahali, vizazi na vizazi, wakapatundikia kila zama stori yake. Mti ulikatwa miaka ya 1990. Sina la kusema hapo.

Lakini kilichonishika zaidi ni cha mwaka 1976. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani. Hawa wazee walikuwa hawajaigusa hiyo kazi kwa miaka mingi mno. Mwingine alikuwa anakumbuka udongo, mwingine mkaa, mwingine mirija. Wakachukua udongo wa kichuguu, wakakusanya mavi ya chuma, yani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, ya matanuru ya kale yaliyozagaa mashambani wakayajenga kwenye ukuta wa tanuru jipya, wakachoma nyasi za kinamasi ndani ya shimo ili lijae masizi na mabua yaliyoungua, wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani kabisa, mivukuto ikapangwa kulizunguka.

Wakashindwa.

Mwanzoni walishindwa, na walikuwa ndio mabingwa wenyewe waliobaki. Wakabishana, wakabadilisha hiki, wakarudia kile, mpaka chuma kikatoka, na kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Mwaka 1978 ikachapishwa kwenye jarida la Science na huko Marekani ikawa habari kubwa, kwamba Waafrika hawa hewa yao ilikuwa inapashwa moto ndani ya mirija kabla haijafika kwenye mkaa, mbinu ambayo Ulaya ilikuja kuipata karne ya 19. Wataalamu wengine baadaye walilipinga hilo la hewa kupashwa, mabishano yao ni marefu na mimi si mtu wa vipimo. Mimi nilibaki pale kwenye kushindwa kwao.

Kwa sababu sisi tulikuwa tunadhani ukishampata mzee anayekumbuka basi umepata mwongozo, unafuata hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Kumbe mzee anakumbuka kipande, mwenzake kipande, na katikati kuna shimo ambalo linajazwa kwa kuwasha moto na kuona kimetokea nini. Na hao wazee hawakuwa na aibu ya kuokota mabaki ya waliowatangulia na kuyafanya tofali. Nikajiuliza, springi ya Land Rover na mavi ya chuma ya tanuru la kale, tofauti iko wapi hasa?

(Watu wa Rukwa msije juu. Najua Wafipa mlikuwa na malungu yenu, matanuru marefu kuliko mtu, yanayojivutia hewa yenyewe bila kupigwa mvukuto. Hiyo nayo inaonyesha tu kwamba hata hiyo jadi ya kuyeyusha haikuwa moja.)

## Moto wa drayeri

Wakati paa limesimama na baba mdogo haongei na fundi, tukahamia kwenye mivukuto, chini ya mwembe.

Seremala tuliyempata ni mtu wa mitumbwi, wa ziwani, tulimtafuta makusudi kwa sababu anatumia tezo na mkono wake unaijua. Akaletewa gogo bichi. Mivukuto ya zamani inatoka kwenye gogo moja: mabakuli mawili yamekaa ubavuni kwa ubavuni, kila bakuli lina njia yake ya hewa, njia zinakutana mbele kwenye mdomo mmoja. Mabakuli alichonga vizuri sana, tezo inaingia inatoka, vipande vinaruka vyembamba na vyenye unyevu, harufu ya mti mbichi imejaa mahali pote. Seremala hapimi, anaingiza vidole anapapasa unene wa ukuta, anaendelea.

Shida ni zile njia za hewa. Zinapita ndani ya mti, ndefu, na keekee haifiki. Baba mdogo akasema hizo hazichimbwi, zinachomwa. Unapasha ncha ya chuma mpaka iwe nyekundu, unaisukuma ndani ya mti, inaungua inapita, unatoa, unapasha tena.

Sawa. Ila kupasha chuma mpaka kiwe chekundu unahitaji moto wa kuvuviwa, na cha kuvuvia ndicho tunachokitengeneza.

Tulikaa tukatazamana. Tezo aliyoshika seremala ilifuliwa na mhunzi, mhunzi hafui bila mivukuto, mivukuto haichongwi bila tezo. Hapo zamani haikuwa tatizo kwa sababu kijiji kilikuwa hakianzi kutoka sifuri, jirani ana moto, unabeba chuma chako unaenda kwake. Sisi jirani mwenye moto hatuna. Ndio hasara yenyewe ya kazi kufa, vifaa vya mtu mmoja unaweza kuvitengeneza upya, lakini jirani wa kumkimbilia humtengenezi kwa mchango wa wasap.

Mwisho binamu wa mwisho akaingia ndani, akatoka na drayeri ya nywele ya mke wake na ekstensheni ya umeme. Mkaa ukawaka, chuma kikawa chekundu, njia zikachomwa. Baba mdogo aliangalia pembeni muda wote huo akijifanya anaongea na simu.

## Nafasi ya vidole viwili

Ngozi zikalainishwa, zikafungwa juu ya mabakuli zikiwa zimelegea, katikati ya kila ngozi fimbo. Mrija wa udongo ukalazwa, ncha moja kwenye mkaa, ncha nyingine pana inasubiri mdomo wa mivukuto. Seremala, ambaye kazi yake ya siku zote ni kuziba maji yasiingie kwenye mtumbwi, akauingiza mdomo ndani ya mrija na kuchukua udongo azibe pembeni ili hewa isipotee.

Mzee mmoja jirani alikuwa amekaa kwenye jiwe, alikuja kuangalia tu. Akasema, usizibe hapo.

Akainuka akauvuta mdomo nyuma, akaacha uwazi wa kama vidole viwili kati yake na mrija. Seremala akasema mzee, upepo wote utatokea hapo. Mzee hakujibu, akakaa akashika fimbo mbili akaanza kupiga, kushoto, kulia, kushoto, kulia, taratibu mno kuliko nilivyotarajia, na mkaa ukaanza kubadilika rangi.

Ndipo akaeleza. Mivukuto hii haina kile kilango cha kufunga na kufungua. Ukikandamiza inatoa hewa, ukiinua inavuta hewa, kwa mdomo uleule mmoja. Ukiuziba ndani ya mrija basi ikivuta itavuta moto, itakunyonyea cheche ndani ya mti na ngozi yako. Uwazi ule ndio unaoifanya ivute hewa baridi ya nje. Hewa kidogo inapotea, ndiyo, ndio bei yake.

Hapo nilisisimka. Si kwa ajili ya "hekima ya wahenga", hayo maneno yamechosha, ni kwa sababu hilo jambo lisingeonekana kamwe kwa jicho. Mivukuto ikiwekwa kwenye kabati la makumbusho unaiona yote, mti, ngozi, fimbo, mrija, lebo chini yake. Uwazi hauonekani. Hauchorwi, haupigwi picha, haumo kwenye orodha ya vifaa. Ni mahali pasipo na kitu, na bila hapo kiwanda kinaungua.

Na jingine tuliligundua tulipolinganisha. Drayeri inapuliza tu, haikusikilizi. Binamu aliweka kipande cha springi, akageuka kuongea, kurudi chuma kinatoa cheche nyeupe kama fataki, kimeungua, ukikipiga kinamegeka. Kwenye mivukuto anayepiga anaona rangi ya chuma anapunguza mkono, akiitwa anaacha, moto unashuka wenyewe. Kwa hiyo hata mimi niliyekuwa naona msimamo wa baba mdogo ni ubishi wa uzee nikaanza kulegea. Kuna vitu mashine inavificha. Ukiiondoa ndio unaviona.

## Wafaransa na buti zao

Kuna mradi Ufaransa unaitwa Guédelon, uko Treigny huko Burgundy, walianza mwaka 1997 kujenga ngome ya karne ya 13 katikati ya msitu, kwa zana za karne ya 13. Miti inachongwa kwa shoka, mawe yanapandishwa kwa winchi ambayo mtu anatembea ndani ya gurudumu, na kuna mhunzi ambaye kazi yake kubwa haina sifa yoyote: anawanolea wachonga mawe patasi zao, leo, kesho, keshokutwa. Wao hawana mzee wa karne ya 13 wa kuwakataza kuziba mrija, wanasoma alama za shoka kwenye majengo ya kale wanabahatisha wanarudia.

Nilikuwa nawaona ni matajiri wanaocheza. Halafu tarehe 15 Aprili 2019 paa la Notre-Dame pale Paris likaungua, ikaamuliwa lirudishwe kwa mwaloni uliochongwa kwa shoka, na baadhi ya maseremala waliofanya kazi hiyo mikono yao ilikuwa imetoka Guédelon. Mashoka yenyewe ikabidi yafuliwe maalumu. Desemba 2024 kanisa likafunguliwa. Mchezo wa msituni ukawa ajira.

Lakini nikaangalia video zao vizuri, miguuni wamevaa buti za usalama. Na wana sheria za leo za kazi za juu, na geti la tiketi, maana toka mwaka 2000 kiingilio cha wageni ndicho kinachowalipa mishahara. Kwa hiyo hata wao, wakali wote wale, waliketi wakaamua: hapa tunabana kwa sababu panatufundisha, pale tunalegeza kwa sababu hakuna haja mtu avunjike kidole kwa ajili ya historia.

Hiyo nikaipeleka kwenye grupu. Nilitumiwa dole gumba na watu ambao nina uhakika hawakusoma, ila baba mdogo alipiga simu.

Tukakubaliana hivi. Paa lifungwe kwa kamba, kwa sababu vijana watatu pale hawakuwa wanajua kufunga paa na sasa wanajua. Nguzo ni miti ya mishambya, imechongwa kwa tezo. Mivukuto ni ya ngozi. Chuma ni springi na nondo bila mjadala. Miwani ya kuzuia cheche ni lazima. Na misumari iliyohitajika kwa ajili ya kichanja cha zana ifuliwe palepale, mmoja mmoja, ambapo ndipo binamu wa mwisho alipotambua kwamba kufua msumari mmoja wenye kichwa kilichokaa katikati ni kazi ya kutoa jasho, na babu alikuwa anauza kwa fungu.

Boksi la dukani fundi aliondoka nalo, tukalihesabu kwenye malipo yake.

## Moshi

Kibanda kimesimama. Kizuri, watu wanakuja kupiga selfi.

Ila nilichokuja kukiona mwisho ni kwamba kujenga ndio ilikuwa sehemu rahisi. Makumbusho ya Kijiji pale Dar, iliyoanzishwa miaka ya 1960, ina nyumba za makabila mbalimbali na msonge wetu wa Kihaya umo. Kila ninapopita pale nawaza kitu kimoja: nyumba ya nyasi ilijengwa iwe na moto ndani. Moshi unakausha nyasi, unafukuza wadudu, unazifanya kamba zisioze. Ukizima moto paa linaanza kuliwa siku hiyohiyo, na hapo ndio inabidi kila mara utafute bajeti ya kuezeka upya.

Kiwanda cha babu nacho ni hivyohivyo. Kisipowashwa, mchwa wana kazi yao. Ngozi ya mivukuto isipopigwa inakakamaa na kupasuka, mti unakauka upande mmoja unapata ufa, fuawe ndio pekee haijali. Sasa moto uwashwe na nani, kwa sababu gani? Baba mdogo umri umeenda. Yule mzee wa kwenye jiwe naye hivyohivyo. Binamu wa mwisho amepata mkono, kweli amepata, lakini ana bodaboda ya mkataba na mwenye pikipiki anataka hesabu kila jioni.

Jumamosi iliyopita akaja jirani mama mmoja na jembe limechakaa mdomo, akauliza mnatengeneza kwa shilingi ngapi.

Baba mdogo akasema mama sisi hatuuzi, hii ni kumbukumbu ya mzee. Shangazi akamwambia wewe, mzee alikuwa anachukua hela, asiye na hela analeta ndizi, asiye na ndizi analeta lubisi, pombe ya ndizi, na hiyo lubisi wewe mwenyewe ulikuwa unamsaidia kuinywa. Binamu yeye akasema tu kwamba kama ni bure basi anaenda kupaki stendi. Wakabishana mbele ya mteja, mimi nikiwa nimeshika jembe.

Tukataja elfu tatu. Mama akasema nyingi, mchomeleaji wa barabarani anafanya kwa elfu mbili. Tukashuka hadi elfu mbili mia tano, mkaa alete yeye.